Gari Likikataa Kuwaka Siku ya Mvua, Tuangalie Gari Kabla ya Kumlaumu Dereva



Kila mwaka mvua inapoanza, malalamiko ya namna moja hutufikia kutoka kwa madereva wa viwandani na wa mashambani. Dereva amefika kazini saa kumi na mbili asubuhi. Ameingiza ufunguo, injini imezunguka, lakini haikuwaka. Amejaribu tena na tena mpaka betri ikaishiwa nguvu. Wenzake waliotakiwa kupelekwa shambani wamekaa wakingoja. Saa tatu jua linatoka, na gari linawaka kama halikuwa na ugonjwa wowote. Msimamizi akisikia hayo husema: "Gari lilikuwa zima. Dereva ndiye hakutaka kazi." Mwisho wa mwezi mshahara umekatwa, au barua ya onyo imeandikwa.

Sisi tunasema kwamba gari linalokataa asubuhi ya mvua na kukubali jua likitoka si gari zima. Lina ugonjwa unaojulikana, wenye sababu yake, na dalili zake zinaonekana kwa macho. Dereva anayeujua ataokoa kazi ya siku, na akishtakiwa atakuwa na la kujibu. Kwa hiyo leo tunaeleza ugonjwa huo, namna ya kuutafuta, na haki ya dereva wakati lawama inapomwangukia.

MAGARI TUNAYOYASEMA

Tunasema juu ya magari ya zamani ya petroli: Peugeot 404 na 504, Volkswagen yenye mgongo wa kobe, Land Rover za zamani, Datsun na Morris. Mengine bado yanafanya kazi, mengine yamehifadhiwa na wenyewe kwa mapenzi tu. Trekta na malori ya dizeli hayamo katika habari hii, kwa sababu dizeli haiwashwi kwa cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Na magari ya siku hizi yanayoongozwa na kompyuta yana njia yake nyingine ya kupimwa.

Mtu asidhani kwamba magari haya ya zamani ni dhaifu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, ndani ya mvua kubwa. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 tena yakamaliza 7 tu. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari lao lilikuwa Peugeot 404. Basi gari la zamani linaweza kupita katika maji na matope, maadamu mtambo wake wa cheche umetunzwa ukawa mkavu.

KWA NINI MAJI YANALIZUIA GARI

Petroli ndani ya silinda huwashwa na cheche ya plagi. Betri yenyewe ina volti 12 tu, nazo haziwezi kuruka nafasi iliyo kwenye ncha ya plagi. Kwa hiyo umeme unapitishwa kwenye koili. Ndani ya distribyuta kuna pointi, vyuma viwili vidogo vinavyofunga na kufunguka. Kila zinapofunguka, koili hutoa umeme mkubwa wa volti kama 20,000. Umeme huo hupita katika waya nene ya katikati, ukaingia kwenye kifuniko cha distribyuta, ukachukuliwa na rota inayozunguka, ukagawiwa plagi moja baada ya nyingine.

Umeme wa nguvu namna hiyo ni kama maji yanayosukumwa ndani ya mpira wa kumwagilia bustani. Mpira ukitoboka popote, maji hutokea hapo, na mwisho wa mpira hupata matone tu. Umeme nao hutafuta njia iliyo rahisi. Maji safi peke yake hayapitishi umeme sana. Lakini juu ya kifuniko na waya kuna vumbi jekundu la barabara zetu, kuna mafuta ya injini, na pengine kuna ufa. Unyevu ukichanganyika na uchafu huo, njia mpya inapatikana. Umeme unatambaa juu ya kifuniko hadi kwenye chuma cha injini, nayo plagi haipati kitu.

Tena kuna jambo la pili. Stata inapozungusha injini, hula umeme mwingi sana, na volti za betri hushuka chini ya 12. Betri ikiwa imechoka zinashuka zaidi. Hivyo saa ile ile cheche inapohitajika sana, koili nayo inapata umeme mdogo. Ndiyo maana gari linaweza kupita kwenye mvua mchana kutwa bila shida, kisha likakataa asubuhi ya pili yake. Likiwa katika mwendo, injini ina joto linalokausha unyevu, na betri inachajiwa. Likilala nje, chuma kinapoa, na hewa yenye unyevu inageuka matone hata ndani ya kifuniko, mahali ambapo mvua yenyewe haikufika.

Hapa Kampala sababu hiyo tunayo tele. Mvua kubwa ni ya Machi hadi Mei, na nyingine huja kuanzia Septemba hadi Novemba, pengine ikaingia Desemba. Mawingu hupanda kutoka Ziwa Victoria, na mara nyingi ngurumo hutuamsha alfajiri, kabla watu hawajaenda kazini.

Wala si sisi tu tulioona taabu hii. Waingereza walipoleta gari dogo la Mini mwaka 1959, distribyuta yake ilikuwa mbele kabisa, nyuma ya wavu wa kuingizia hewa. Mvua ikinyesha, maji yalirushwa moja kwa moja juu yake, gari likazimika njiani. Ilibidi kiwanda kiweke kinga ya maji, na wenye magari wengi walivisha distribyuta glavu ya mpira, kila waya ikipita katika kidole chake. Hakuna aliyesema kwamba madereva wote wa Uingereza walikuwa wavivu.

KISA CHA PIKAPU YA NAKASERO

Tutoe mfano mmoja. Kampuni moja ya mashamba ilikuwa na ofisi yake kwenye kilima cha Nakasero, na pikapu ya Peugeot 504 iliyokuwa ikilala nje bila paa. Kazi ya dereva ilikuwa kupeleka vifaa na dawa za zahanati shambani kila asubuhi. Katika mwezi wa Aprili gari lilikataa kuwaka asubuhi tatu ndani ya wiki mbili. Fundi aliitwa mara mbili, na mara zote mbili alifika jua limekwisha kuwaka, gari likawaka alipogusa ufunguo. Akaandika kwamba hakuona ubovu.

Dereva alikatwa mshahara wa siku tatu. Kisha akaambiwa kwamba anaharibu gari makusudi, na barua ya kumfukuza ikawa inatayarishwa. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka kumi na mmoja, na watoto wanne wanasoma.

Mwakilishi wa chama alipoingia katika kikao, hakubishana juu ya tabia ya mtu. Aliomba jambo moja tu: gari lipimwe likiwa limelowa, na si likiwa kavu, tena lipimwe gizani. Wakakubali. Jioni ile, giza lilipoingia, boneti ikafunguliwa mbele ya meneja, dereva, fundi na mwakilishi. Fundi akachukua chupa ya kunyunyizia nguo maji wakati wa kupiga pasi, akanyunyiza kidogo juu ya distribyuta. Gari likapigwa stata. Wote waliona: cheche nyembamba za buluu zilikuwa zinatambaa kutoka kwenye waya ya katikati, zikipita juu ya kifuniko, zikiishia kwenye kibanio cha chuma. Injini ilizunguka bila kuwaka.

Kifuniko kilipotolewa na kugeuzwa, ndani yake palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, mweusi kwa makaa. Siku ya pili kililetwa kifuniko kipya na rota mpya kutoka kwa wauza vipuri wa Kisekka, chini ya kilima. Jaribio la maji likarudiwa, gari likawaka mara moja.

Lakini kilichomwokoa dereva kabisa kilikuwa kitabu cha gari. Mwezi wa Februari, kabla ya mvua, alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Waya za plagi zimezeeka, naomba mpya." Ombi halikujibiwa. Meneja aliposoma mstari huo, barua ya kufukuza ilichanwa, na fedha za siku tatu zikarudishwa.

NAMNA YA KUTAFUTA UBOVU

Fuata mpango huu hatua kwa hatua, usiruke. Kwanza funga breki ya mkono, weka gia huru, na uwe na kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi.

1. Sikiliza stata. Ikilia "ta, ta" au injini ikizunguka kwa uvivu, ubovu wako wa kwanza ni betri. Angalia vichwa vyake. Vikiwa na unga mweupe au wa kijani, vifungue, vioshe kwa maji ya moto yenye magadi, vikaushe, uvikaze. Injini ikizunguka vizuri bila kuwaka, endelea mbele.

2. Usipige stata mfululizo. Piga kwa muda wa sekunde kumi tu, kisha pumzisha kama dakika moja. Mwenye kupiga bila kupumzika huua betri, na petroli hulowesha plagi. Hapo ubovu mmoja umekuwa miwili.

3. Kama bado kuna giza, fungua boneti, na mwenzako apige stata. Simama mbali na feni, uangalie tu. Ukiona cheche za buluu kwenye waya, koili au kifuniko, mahali hapo ndipo umeme unapotorokea.

4. Zima ufunguo, kisha kausha. Anza na kichwa cha koili, fuata waya ya katikati, halafu kifuniko kwa nje, halafu waya zote nne hadi kwenye plagi. Usiache hata chini ya vikofia vya mpira, maana humo maji hujificha. Ukitaka kuchomoa waya, chomoa moja moja na kuirudisha mahali pake. Magari mengi ya silinda nne huwasha kwa mpango wa 1-3-4-2, na Volkswagen ya kobe kwa 1-4-3-2. Ukichanganya waya, gari halitawaka hata likiwa kavu.

5. Fungua vibanio, toa kifuniko, ukaushe ndani. Kausha na rota. Kisha kipeleke kifuniko kwenye mwanga, ukitafute ufa au mstari mweusi mwembamba. Mstari huo ni njia ya makaa iliyochomwa na umeme. Makaa hupitisha umeme hata yakiwa makavu. Kuukwangua kwa kisu kunaweza kukufikisha nyumbani, lakini dawa yake ni kifuniko kipya. Tazama pia kitufe cha makaa kilicho katikati. Kiwe kizima, na kibonyee kwa springi yake.

6. Tazama pointi. Zikiwa zimeungua au zina mafuta, zisafishe. Nafasi yake zikifunguka kabisa huwa kama milimita 0.4 katika magari mengi, lakini kipimo cha kufuata ni cha kitabu cha gari lako.

7. Pima cheche. Chomoa waya ya katikati kwenye kifuniko, uishike kwa plaisi yenye mpini mkavu wa mpira, ncha yake iwe karibu na chuma cha injini, kama milimita 6. Mwenzako apige stata. Cheche nene ya buluu yenye mlio ni nzuri. Cheche nyembamba ya manjano, au kukosekana kwa cheche, kunakuambia utafute kwenye koili, kondensa, pointi au betri. Pima hivyo tu ikiwa hakuna harufu ya petroli.

8. Cheche ikiwa nzuri na gari bado limekataa, toa plagi. Zikiwa zimelowa petroli, zikaushe, uache matundu wazi kwa dakika chache ili petroli ikauke, kisha uzirudishe na ujaribu bila choki. Zikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Tazama kikombe cha kioo cha pampu kama gari linacho. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini yake, na mpaka wao unaonekana.

Mara nyingi hutafika hatua ya nane. Kitambaa kikavu na uvumilivu wa nusu saa vinatosha. Kuna dawa ya kupuliza inayofukuza maji, nayo husaidia. Lakini haiponyi ufa.

MAMBO YA HATARI

Kuna mambo tumeyaona yakifanywa kwa haraka, na yamewaumiza watu.

Usifute waya au kifuniko kwa petroli. Ni kweli inakauka upesi, lakini mvuke wake unakaa humo humo mahali pa cheche.

Usiguse waya nene kwa mkono wakati wa kupiga stata. Mshtuko wake unaweza kukurusha, mkono ukaingia kwenye feni. Na mwenye moyo mgonjwa anaweza kudhurika zaidi.

Usikubali wafanyakazi wasukume gari kwenye mteremko ulio na utelezi. Vilima vya Kampala, na Nakasero ni kimojawapo, vinashawishi dereva aliachie gari literemke. Injini ikiwa imezimika, breki zenye kusaidiwa na injini huwa nzito, na barabara imelowa. Mtu aliyeteleza mbele ya gari hana pa kukimbilia. Kama ni lazima kusukuma, iwe mahali tambarare, watu wawe nyuma tu, na dereva awe ndani ya gari.

Ukiazima umeme wa betri ya gari jingine, funga waya nyekundu kwanza, chanya kwa chanya. Waya nyeusi ianzie hasi ya betri nzima, na mwisho wake ufungwe kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche moja.

KINGA KABLA YA MVUA

Mwezi wa Februari na wa Agosti, kabla mawingu hayajakusanyika, safisha waya na kifuniko. Waya iliyokauka ikapasuka haifai kungoja. Vikofia vya mpira vikilegea, vibadilishwe. Wengine hukata mpira wa tyubu ya zamani wakaufanya pazia la kukinga distribyuta na maji ya barabarani. Ni akili nzuri, lakini acha uwazi upande wa chini ili unyevu utoke, na usitumie kavera ya nailoni, maana joto la injini huiyeyusha.

Usioshe injini kwa maji jioni ukaliacha gari lilale nje. Ukiosha, washa injini baadaye ipate joto. Na gari likipita kwenye dimbwi, lipite polepole, kwa maana feni ndiyo inayorusha maji kila upande.

HAKI YA DEREVA

Gari ni mali ya mwajiri. Basi kifuniko, rota, waya na plagi ni wajibu wa mwajiri. Wajibu wa dereva ni kulitunza gari, kuona dalili, na kutoa habari mapema. Wenzetu wengine hununua vipuri kwa fedha zao kwa kuogopa kufukuzwa. Tunawaomba waache. Leo utanunua plagi, kesho utaambiwa ununue na tairi.

Andika. Kitabu cha gari kiwe na tarehe, saa, hali ya hewa, gari lilifanya nini, ulifanya nini, na ulimwambia nani. Andika "injini inazunguka, haiwaki, mvua ilinyesha usiku", usiandike "gari bovu" tu. Kama hakuna kitabu, tumia daftari la shule, na umwombe msimamizi aweke sahihi.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa mwenendo mbaya au kazi mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe katika kikao hicho, na apewe muda wa kutosha kujitayarisha. Mtu huyo anaweza kuwa mwakilishi wa chama. Usiende peke yako, wala usitie sahihi karatasi usiyoielewa kwa sababu tu umeambiwa utie. Na mshahara ukikatwa kwa sababu ya gari lililokataa kuwaka, usinyamaze. Lete hati ya mshahara kwa mwakilishi mwezi huo huo, si baada ya mwaka.

Kwa wasimamizi wanaosoma ukurasa huu tunasema kwa heshima: kifuniko kipya ni fedha kidogo kuliko asubuhi moja ya wafanyakazi ishirini waliokaa bila kazi. Kabla ya kuuliza dereva amekosa nini, ulizeni gari limepewa nini.

Na kwa madereva: ukurasa huu ukateni, muuweke ndani ya gari pamoja na kitambaa kikavu, plaisi, bisibisi, kurunzi na kalamu. Vifaa vinne vya kwanza vitawasaidia gari liwake. Kalamu itawasaidia kulinda kazi yenu.

Umoja ni nguvu.